Uso Ulioanza Kuyeyuka Soni

"Hiki ni nini?"

Bi Hadija alijibandua kutoka kifuani kwa mgeni wake, akaushika upindo wa mtandio wake kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. Mtandio ule ulikuwa mweupe. Alikuwa ameufua na kuufukiza udi makusudi kwa ajili ya siku hiyo, siku ya kumwona mchumba wa mwanawe kwa mara ya kwanza. Sasa begani palikuwa na doa la kahawia la ukubwa wa kiganja, na katikati ya doa mstari mweusi wa wanja.

Mwanamwema alikuwa ametoka tu kusema shikamoo. Alikumbatiwa, akaachiwa, na sebule nzima ikawa inamkodolea macho.

"Nauliza, hiki ni nini?"

"Nadhani ni jasho, mama."

"Jasho la rangi ya tope? Huko kwenu milimani watu wanatoka jasho la udongo?"

Yusra, dada yake Nassir, alikuwa ameshapiga picha kabla hajaanza kucheka. Akamgeuzia simu. "Jitazame, wifi. Labda mwenzetu hujajiona."

Mwanamwema alijiona. Rangi aliyoipaka asubuhi kijijini kwao Kwai, ikakaa vizuri kama ngozi ya pili, ilikuwa imeporomoka mashavuni na kujikusanya kidevuni. Wanja ulikuwa umetiririka. Nyusi moja ilikuwepo, nyingine imefutika. Uso ulikuwa mweupe wa kutisha na shingo ilikuwa na rangi yake ya kuzaliwa, na mpaka wa rangi hizo mbili ulionekana wazi kama mpaka wa shamba.

Akamtafuta Nassir kwa macho. Nassir alikuwa anatazama viatu vyake.

"Huyu ndiye uliyenisimulia kwamba kazi yake kupima maziwa ya watu kama yametiwa maji?" Bi Hadija alimuuliza mwanawe, lakini kwa sauti ya kusikiwa na majirani. "Mbona yeye mwenyewe ametiwa rangi na hakujipima?"

Wanawake waliokuja kumwona bibi harusi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hakuna aliyemkaribisha kiti. Bi Hadija alitamka mbele yao wote kwamba mwanamke anayekuja kwa mkwe amejibandika uso wa uongo haingii nyumbani kwake, na kwamba Nassir amrudishe alikomtoa kabla chai haijapoa.

* * *

Kutoka Korogwe kwa Bi Hadija hadi Mombo barabara ni tambarare, na ni ndefu sana kwa watu wasiosemezana. Mwanamwema alijifuta kwa khanga mpaka mashavu yakawaka moto. Gari lilipoanza kupanda mlima ndipo Nassir alipofungua mdomo.

"Umeniaibisha."

"Najua."

"Nani alikutuma ujipake vile?"

"Wewe. Ulisema mama yako anapenda mwanamke anayejipenda, nijitahidi nifanane na wa mjini."

"Nilisema ujipende. Sikusema ujipige lipu kama ukuta."

Mwanamwema aliona ana makosa. Tangu azaliwe hakuwahi kupaka kitu usoni zaidi ya mafuta. Vile vipodozi alivinunua siku ya gulio Lushoto kwa mama mmoja aliyevitandaza juu ya turubai, akavichagua kwa kutazama ufungaji wake. Kupaka alijifunza kwenye simu, kwa mwanamke wa kwenye video aliyesema jambo la kwanza ni kuandaa ngozi.

Sasa mtu wa Kwai akiambiwa aandae ngozi, anajua jambo moja tu. Kule baridi ya mwezi wa sita inapasua midomo, na hakuna mama anayemwacha mtoto atoke mlangoni kabla hajampaka mafuta ya mgando akang'aa kama sufuria mpya. Mwanamwema aliandaa ngozi kama alivyolelewa. Alichota mafuta, akayasugua, akaongeza. Juu yake akapaka faundesheni, juu ya faundesheni poda, na baridi ya asubuhi ikayashika yote yakatulia. Hata mjomba wake, Mzee Zahoro, mtu asiyesifu hata ng'ombe wake, aliuliza kama huyu ni Mwanamwema yule yule.

Walipofika Kwai, Nassir hakuzima injini. Jioni ukaingia ujumbe:

"Mama amekataa. Ameshatamka mbele ya watu hawezi kurudi nyuma. Mimi nakupenda lakini mama ni mama. Mwambie Mjomba Zahoro taratibu, asije akadhani ni mimi."

Aliusoma, akalia. Akausoma tena, na sentensi ile ya mwisho ikamkwama kama mwiba wa samaki, asijue kwa nini. Mzee Zahoro ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji. Gari la maziwa, lile lile walilokwenda nalo Korogwe, ni la kikundi, na Nassir alipewa kuliendesha siku zile zile alipoleta barua ya posa.

* * *

Yusra aliirusha ile picha mtandaoni, akaandika chini yake "Bibi harusi wa udongo". Kabla ya wiki kuisha ilikuwa imepanda mlima na kuingia katika simu za wafugaji. Mwanamwema alisimama kwenye kituo cha kukusanyia maziwa kila asubuhi na kipimo chake, na watu wakamletea maziwa huku wamebana vicheko. Mmoja ambaye aliwahi kurudishiwa dumu kwa sababu ya maji, alilitua chini akasema, "Haya, nipime. Ukimaliza na mimi nikupime wewe."

Alivumilia hilo. Kilichomshinda ni Nassir. Alikuja kila siku kupakia maziwa, akamsalimia kwa upole, na mbele ya watu akatikisa kichwa kama mfiwa. Watu walimwonea huruma yeye. Ilikuwa ikisemwa kwamba kijana wa watu amenyimwa mke na mama mkali, na mke mwenyewe alijiharibia.

Mwanamwema akashuka Lushoto mjini, akaingia saluni ya Angel, mwanamke wa Tanga aliyejulikana kwa mikono mizuri na mdomo mbaya. Alimwonyesha picha, akamwambia anataka kujua alikosea wapi.

"Nani alikupaka?"

"Mimi mwenyewe."

"Juu ya nini?"

"Mafuta ya mgando."

Angel alicheka mpaka mteja aliyekuwa anakaushwa nywele akainua kichwa. "Mdogo wangu, kwa baridi ya hapa ungekaa nayo mpaka Idi. Wewe ukaipeleka Korogwe?"

"Sikujua."

"Yalianza kuyeyukia wapi?"

"Kule kule ukweni. Niliona ghafla."

"Usiniletee habari za ghafla. Mafuta hayangoji mtu afike sebuleni. Pale Soni tu yalikuwa yameshalegea, na Mombo ulikuwa umekwisha. Ulikaa na nani garini?"

"Nassir."

"Kipofu?"

Angel akaacha kucheka, akauliza kwa sauti ya chini kidogo kama mwanamume huyo alimtazama usoni hata mara moja njia nzima.

Alimtazama. Sasa alikumbuka. Walisimama Mombo kununua maji, na Nassir akaegemea dirisha, akamkodolea macho kwa muda mrefu, akasema, "Leo umependeza mpaka naogopa kukugusa." Na Mwanamwema alipoinua mkono kukishusha kile kibao cha kuzuia jua, ambacho nyuma yake kina kioo, Nassir aliudaka mkono wake hewani. "Kiache. Kioo chake kimepasuka, kitakukata." Siku ile aliuona mkono ule kuwa mapenzi.

Asubuhi iliyofuata gari lilikuja kama kawaida. Nassir alikuwa nyuma anapanga madumu. Mwanamwema alifungua mlango wa abiria, akaketi, akashusha kibao.

Kioo kilikuwa kizima. Hakikuwa na ufa wala mkwaruzo. Ndani yake aliuona uso wake mkavu usio na poda, akautazama mpaka akauzoea. Kisha akakirudisha kibao, akafunga mlango polepole, akarudi kwenye kipimo chake.

* * *

"Nifundishe," alimwambia Angel.

"Ili akupende?"

"Ili nikaingie Korogwe."

Angel alisema hiyo ni sababu ya kijinga, lakini amesikia za kijinga zaidi. Akamfundisha kwa matusi madogo madogo. Alivitupa vile vya kwenye turubai, akamvuta mpaka mlangoni penye mwanga wa jua, akampaka vipande vya rangi kwenye taya na kumwonyesha kile kilichopotea ndani ya ngozi. "Hii ndiyo yako. Ile uliyonunua ilikuwa ya mtu mwingine, na huyo mtu hajazaliwa Usambara." Akamfundisha kunawa, kupaka losheni nyepesi tu na kuiacha inyweke, kuchukua faundesheni kidogo na kuigongagonga kwa sponji bila kuisugua, kuishusha mpaka shingoni, kisha poda. Mafuta ya mgando akamruhusu midomoni tu, wakati wa kulala.

Nyusi zilimtesa. "Moja inauliza na nyingine inajibu," Angel alimwambia. "Futa." Alifuta, akachora, akafuta. Wateja wakaanza kutoa maoni. Siku aliyojiona amepata, Angel alimkalisha kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa linalowaka, akamwekea sufuria ya maji yanayochemka, akaendelea kusuka mtu. Jasho likamtoka. Angel alipomgeukia baadaye aliupapasa uso wake kwa kitambaa cheupe, akakitazama kitambaa.

"Nenda Korogwe," akasema.

Mwanamwema alimwambia mjomba wake kwamba anataka kwenda kumwomba radhi Bi Hadija kabla wazee hawajarudisha posa. Mzee Zahoro alimwambia Nassir ampeleke, na Nassir hakuwa na namna ya kumkatalia mwenyekiti.

Njia nzima mpaka Soni walizungumza habari za barabara na mvua. Nassir aliutazama uso wa mwenzake mara moja, akatazama tena. Alikuwa amependeza kwa namna ambayo mtu hawezi kusema nini kimeongezwa. Soni alisimamisha gari kununua mahindi ya kuchoma, na hapo Mwanamwema akamuuliza.

"Siku ile, tulipopita hapa, ulinitazama?"

"Nilikuwa natazama barabara."

"Na Mombo? Hukuona kitu usoni kwangu?"

"Mwana, ningeona ningekwambia. Unanichukulia mimi mtu wa namna gani?"

Mkononi, chini ya khanga, Mwanamwema alikuwa ameshika kalamu ya wanja. Tangu Lushoto alikuwa anaipasha joto na kuisugulia kwenye dole gumba. Kama Nassir angesema ndiyo niliona, nilikosea, angeirudisha mkobani na kumsamehe, maana alimpenda, na alimwachia mlango wazi mpaka hapo. Aliyatazama macho yake. Hayakupepesa hata kidogo.

"Una povu la maziwa hapa," akasema. Akampangusa taratibu chini ya sikio, akashuka na taya mpaka karibu na kidevu, mahali ambapo dereva hajioni hata akikitazama kioo cha kati.

"Limetoka?"

"Limetoka. Umependeza."

Nassir akatabasamu, akawasha gari. Waliposhuka Mombo joto liliwapokea, na ule wanja, kwa kuwa una mafuta, ukaanza safari yake kuelekea kwenye kola ya shati jeupe.

* * *

Bi Hadija alikuwa barazani anachagua mchele kwenye ungo. Aliiitikia shikamoo kwa marahaba iliyotoka puani. Alikuwa ameandaa maneno, lakini alipouinua uso na kumtazama Mwanamwema hakuona pa kuyabandika. Uso ulikuwa mkavu, umetulia, na shingo ilikuwa ya mtu yule yule.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kukuomba radhi kwa mtandio, mama. Na kukuuliza jambo moja."

Bi Hadija hakuwahi kuuliza ni jambo gani. Jicho lake lilikuwa limemwangukia mwanawe aliyekuwa anapanda ngazi ya baraza.

"Na wewe umetoka kulala gereji?"

Yusra akatoka ndani, akamwona kaka yake, na mkono ukaenda kwenye simu wenyewe kwa mazoea. Kamera ikalia. Nassir akampokonya simu, akajitazama. Mstari mpana mweusi ulikuwa umeanzia sikioni, umevuka taya, umemwagikia kola. Akasugua kwa kiganja, ukatapakaa shavu zima. Akamgeukia Mwanamwema, na sauti yake ikavuka ua.

"Umekaa na mimi njia nzima unaniona hivi, ukanyamaza? Ukaniambia nimependeza? Ukaniacha niingie kwa mama yangu nikiwa kama mwehu? Mtu mwenye moyo anafanya hivyo?"

"Hafanyi," alisema Mwanamwema. "Hilo ndilo jambo nililokuja kuuliza."

Mkono wa Bi Hadija ulisimama juu ya mchele.

"Eleza," alisema.

Mwanamwema alieleza bila kupamba. Alieleza mafuta yanaanzia wapi kuyeyuka, nani aliketi kando yake, alichoambiwa Mombo, na kioo kilichosemwa kimepasuka. "Gari lipo pale nje, mama. Shusha kibao cha upande wa abiria ukaone mwenyewe."

Bi Hadija hakuinuka. Alimtazama mwanawe. "Ulimwona?"

"Mama, huyu amekuja kutugombanisha."

"Sikukuuliza amekujia nini. Ulimwona akiyeyuka, ukamleta kwangu hivyo?"

Nassir alijipangusa tena, akazidi kuchafuka. "Ungemkataa tu. Tangu mwanzo ulisema hutaki mtu wa ng'ombe. Na mimi nimeshamwahidi yule wa Tanga kwamba..." Akakatisha, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Yule wa Tanga," alirudia Bi Hadija. "Kumbe yupo wa Tanga. Si ungekwenda kwa wazee wa huyu ukawaambia humtaki?"

"Angesema yeye, angenyang'anywa gari," alisema Mwanamwema. "Ukisema wewe, mama, gari linabaki na yeye anaonewa huruma."

Yusra alikuwa bado ameinyoosha mikono akidai simu yake. Taratibu akaishusha.

Bi Hadija aliuweka ungo chini, akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini Nassir alirudi nyuma ngazi moja.

"Labda ningemkataa," alisema. "Ningemkataa kwa sababu zangu, kwa mdomo wangu, na ningejibu mwenyewe. Sikukuzaa uje unitumie kama fimbo ya kumpigia mtoto wa mwenzangu."

Aliingia ndani. Walimsikia akifungua kabati. Alirudi na ule mtandio mweupe, umekunjwa, doa likiwa juu kama alivyoliacha. Hakuwa ameufua, aliutunza kama ushahidi, akiwaonyesha wageni. Akamtupia Nassir kifuani.

"Kaufue. Kwa mkono. Na usinawe uso mpaka mtandio uwe mweupe."

"Mama, watu wanaona."

"Na siku ile waliona."

Nassir akaenda bombani mbele ya nyumba, akachuchumaa. Majirani waliomcheka bibi harusi wa udongo wakaanza kutokeza milangoni, mmoja mmoja. Yusra alisema kwa sauti ndogo kwamba ile picha ya zamani ataifuta. Mwanamwema akamwambia aiache, ila aweke na hii ya leo kando yake.

Bi Hadija alimgeukia mgeni wake. "Usidhani nimekupenda. Una kiburi."

"Na mimi sikupendi, mama. Una ulimi."

"Posa?"

"Wazee wetu watairudisha wiki hii. Na ufunguo wa gari ni wa kikundi."

Bi Hadija akanyoosha mkono upande wa bombani bila kugeuka, akauita ufunguo, na ufunguo ukaletwa ukiwa na povu la sabuni. Akauweka kwenye kiganja cha Mwanamwema. Kisha, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana haja nacho, akasema, "Hiyo poda yako mbona haidondoki?"

"Siku ukiacha kunitukana nitakuonyesha."

"Basi kaa unywe chai. Huwezi kurudi na njaa watu wakasema nimekunyima."

Alikunywa chai, akala na mkate, wala hawakusemezana zaidi ya kupitishiana sukari. Gari aliliacha pale lilipo, Mzee Zahoro angemtuma dereva mwingine kulifuata. Mwanamwema akapanda basi dogo la kurudi Lushoto, ufunguo ukiwa ndani ya mkono wake. Alilia kuanzia Mombo, kwa sababu mapenzi hayafuliki siku moja kama mtandio. Soni baridi ikamgusa, akafungua mkoba, akajipangusa macho polepole kwa ncha ya kitambaa, kwa kugongagonga kama alivyofundishwa.

Simu ikatikisika.

"Umenidhalilisha mbele ya mama yangu na mtaa mzima. Ungeniambia tu nilipochafuka."

Aliandika jibu moja, akalituma, kisha akaizuia namba.

"Ungeshusha kibao. Kioo chake ni kizima."